Dakika Mbili Kabla ya Sindano

Asubuhi ya Julai, wakati Meru na Kilimanjaro bado zimejifunika mawingu, kliniki za watoto Arusha na Moshi hufanana sana. Akina mama wamekaa kwenye mabenchi, kitenge juu ya sweta, watoto wamezungushiwa blanketi hadi puani. Kwenye meza ya mwisho mtoto mmoja anapiga kelele. Ameshachomwa. Muuguzi anatupa bomba la sindano kwenye boksi la taka na kumwambia mama yake: "Haya mama, mnyonyeshe sasa, atanyamaza."

Ananyonyeshwa, na kweli ananyamaza. Tatizo liko kwenye lile neno "sasa".

Karibu kila kinachohitajika kumpunguzia mtoto mchanga maumivu ya sindano kilikuwa pale pale kabla hajachomwa: titi, kifua cha mama, blanketi, kidole safi cha kunyonya. Vyote vimekuja baada ya sindano, vikawa dawa ya kubembeleza kilio. Vingetangulia kwa dakika mbili, mtoto huyohuyo angelia kwa sekunde chache, na pengine asingelia kabisa.

Kuna watu wazima, wakiwemo baadhi ya wahudumu, ambao bado wanaamini mtoto wa siku moja "hasikii sana". Imani hiyo ina asili yake. Hadi miaka ya 1980 watoto wachanga katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani walifanyiwa upasuaji wakiwa wamelegezwa misuli tu, dawa ya maumivu hawapewi au wanapewa kiasi kidogo mno, kwa hoja kwamba neva zao hazijakomaa. Mwaka 1987 daktari Anand na wenzake wa Oxford walichapisha utafiti kuhusu watoto njiti waliofanyiwa upasuaji wa mshipa ulio karibu na moyo: waliopewa dawa ya maumivu walipata msukosuko mdogo wa homoni na matatizo machache baada ya upasuaji kuliko wale ambao hawakupewa. Miaka kumi baadaye Taddio na wenzake wa Kanada wakaonyesha kwamba wavulana waliotahiriwa wakiwa wachanga bila ganzi walilia zaidi siku ya chanjo, miezi kadhaa baadaye, kuliko ambao hawakutahiriwa. Mtoto hakumbuki kama mtu mzima anavyokumbuka, ila mwili wake unaweka kumbukumbu.

Sindano nazo, kwa baadhi yao, si chache. Mtoto aliyezaliwa salama hapati nyingi: vitamini K kwenye paja, BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwenye bega la kulia, kisha wiki ya sita mapaja yote mawili. Mwenye manjano, aliyezaliwa na uzito mdogo au anayehisiwa kuwa na maambukizi huishi maisha mengine kabisa. Anatobolewa kisigino kupimwa sukari, anatolewa damu ya maabara, anawekewa kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, inavuja, anawekewa nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuata watoto 430 katika wodi za wagonjwa mahututi za eneo la Paris. Kiwango cha kati kilikuwa matendo 10 yenye maumivu kwa kila mtoto kwa siku, na karibu manne katika kila matano yalifanyika bila hatua yoyote mahususi ya kupunguza maumivu. Hiyo ni Paris, yenye vifaa vyote. Ndiyo maana kila anayesema shida yetu ni bajeti anastahili kuulizwa maswali zaidi.

Kwanza, jinsi ya kuyatambua maumivu, kwa sababu kilio peke yake hudanganya. Kipimo rahisi kinachotumika wodini ni NIPS, chenye alama 0 hadi 7. Uso umetulia au umekunjamana: 0 au 1. Kilio: 0, 1 au 2. Pumzi, mikono, miguu na hali ya kuamka: 0 au 1 kila kimoja. Jumla ikizidi 3, mtoto anaumia. Mtazame usoni: nyusi zimevimba katikati, macho yamefinywa, mikunjo inatoka puani hadi pembeni mwa mdomo. Njiti humpoteza asiyemjua. Huenda asilie hata kidogo. Analegea, vidole vinatanuka, moyo unakimbia, oksijeni inashuka kwenye mashine. Aliyenyamaza hivyo amechoka, na wodini mara nyingi anaandikwa "ametulia".

Sasa titi. Kunyonyesha wakati wa sindano ndiyo njia bora kwa mtoto anayeweza kunyonya, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa chanjo mwaka 2015. Inafanya kazi kwa sababu mambo manne yanakuja pamoja: ngozi ya mama, harufu yake, kunyonya kwenyewe, na utamu wa maziwa. Ukichukua kimoja peke yake, tuseme matone ya maziwa yaliyokamuliwa, unapata nafuu ndogo zaidi.

Utaratibu unaharibika kwenye vitu vidogo. Paja au bega liwe wazi kabla mtoto hajaanza kunyonya. Ukianza kuvuta nguo katikati, anaachia titi na kazi inaanza upya. Dawa iwe imeshavutwa kwenye bomba. Kisha apachikwe vizuri: mdomo wazi kabisa, mdomo wa chini umegeuka nje, kidevu kinagusa titi. Subiri. Mwanzoni hunyonya harakaharaka, halafu mnyonyo unakuwa mrefu na unasikia anameza. Hapo ndipo hesabu inapoanza, dakika mbili hadi tano. Choma akiwa ananyonya, na aachwe aendelee dakika kadhaa baadaye. Anayechoma wakati mtoto anatafuta chuchu hajanyonyesha kwa ajili ya maumivu. Amemchoma mtoto aliyeshikwa karibu na titi.

Hofu inayotajwa sana ni kupaliwa. Tafiti zilizofanyika kuhusu kunyonyesha wakati wa sindano hazikuonyesha watoto kupaliwa, na sababu yake inaeleweka: anayenyonya vizuri hashtuki kiasi cha kuvuta maziwa kwenye njia ya hewa. Akiachia titi na kulia, mwinue kidogo, mwache apumue, mrudishe.

Kuna jambo la upande wa titi ambalo halielezwi, na linawakwamisha wengi siku ya BCG. Chanjo hiyo inaingia bega la kulia, mililita 0.05 tu, kati ya tabaka za ngozi, na kiuvimbe kidogo kama ganda la chungwa hujitokeza. Haichomwi haraka, sindano inalala karibu sambamba na ngozi na mkono usitikisike. Mama akimpakata mtoto kwa namna ya kawaida kwenye titi la kushoto, mkono wa kulia wa mtoto unabanwa chini, kwenye mbavu za mama. Muuguzi atasema "haiwezekani, mtoe kwanza." Mnyonyeshe titi la kulia na bega la kulia linakuwa juu, wazi, mbele ya mchomaji. Matone ya polio yatangulie kabla ya yote, kwani hayaumi.

Wiki ya sita mpangilio uwe uleule: za mdomoni kwanza, tena chanjo ya rota ina sukari ndani yake, basi itumike mapema. Kisha sindano, inayouma kidogo ianze na inayouma zaidi imalizie. Katika zile mbili za mapaja, ya nimonia ndiyo inayochoma zaidi, iwe ya mwisho. Kwa chanjo za paja hakuna haja ya kurudisha bomba nyuma kutafuta damu. Kunaongeza sekunde za sindano kukaa mwilini na hakuna mshipa mkubwa pale pa kukwepa.

Mama anayetaka kufanya hivi na hajui aanzie wapi, sentensi moja inatosha, aiseme akiwa bado kwenye foleni: "Sista, naomba nimnyonyeshe kwanza, ukifika kwangu nitakuwa tayari." Foleni haichelewi. Watu watatu walio mbele yake wanampa muda wote anaouhitaji.

Vitamini K ina wakati wake. Mtoto aliyezaliwa salama akae kifuani kwa mama saa ya kwanza, ngozi kwa ngozi, apate dang'a, halafu ndipo sindano ije, bado akiwa kifuani. Kipimo kwa aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi ni miligramu 1 kwenye misuli ya paja, mbele kwa upande wa nje. Chupa hutofautiana, kwa hiyo soma lebo. Ikiwa ni miligramu 10 kwa mililita 1, unahitaji mililita 0.1 tu, na hiyo inapimwa kwa bomba la mililita 1. Kwenye bomba la mililita 5 huwezi kuiona.

Mama asipokuwepo je? Yuko chumba cha upasuaji, au amebaki hospitali ya wilaya huko Rombo na mtoto ameletwa kwa gari la wagonjwa. Kifua cha baba kinafaa. Cha bibi pia kinafaa, na huku kwetu ambako bibi anashuka kutoka mgombani kuja kumlea mzazi, mara nyingi yeye ndiye aliyepo mlangoni. Mtoto abaki na nepi na kofia, asimame wima kifuani, afunikwe kwa khanga na blanketi juu. Kangaruu hii ya maumivu, yaani kumweka kifuani ngozi kwa ngozi, haichukui dakika mbili. Mpe dakika 10 hadi 15 kabla ya kumtoboa, na kisigino kitolewe nje ya khanga bila kumbandua.

Kama hakuna kifua kabisa, mikono miwili inabaki. Mkono mmoja uzunguke kichwa, mwingine uikusanye miguu ikunjike kuelekea tumboni, kama alivyokuwa kabla ya kuzaliwa. Shika kwa uzito bila kupapasa. Kupapasapapasa na kupigapiga mgongoni humchosha njiti badala ya kumtuliza. Anayeshika asiwe ndiye anayechoma. Hapo ndipo wodi zenye muuguzi mmoja wa usiku hukwama, na hapo ndipo mzazi anapaswa kuitwa ndani badala ya kuambiwa asubiri nje.

Tuje kwenye sukari, ambayo ina utata wake hapa nyumbani. Kwa miaka mingi akina mama wamekatazwa kuwapa wachanga maji ya sukari, na katazo hilo ni sahihi: tumbo dogo linajaa maji, maziwa yanakosa nafasi, na maji yenyewe huenda si salama. Halafu mama anaingia wodini anamwona muuguzi akidondosha maji matamu kinywani mwa mtoto. Bibi aliyegombezwa wiki iliyopita kwa kikombe chake ana haki ya kununa.

Tofauti iko kwenye kipimo na kusudi. Sukari ya wodini ni dawa ya matone. Tafiti nyingi zimetumia sukrosi, yaani sukari ya mezani, ya asilimia 24, lakini glukosi ya asilimia 20 hadi 30 nayo inasaidia, na glukosi ndiyo iliyopo kwenye kabati zetu: dekstrosi ya asilimia 50. Mililita 1 yake ikichanganywa na mililita 1 ya maji ya sindano inakuwa asilimia 25. Aliyetimiza miezi apewe mililita 0.5 hadi 1. Njiti mdogo mililita 0.1 hadi 0.2, yaani matone machache kwenye ncha ya ulimi. Utafiti wa mwaka 2018 kutoka Kanada uliofananisha vipimo vya sukrosi ulikuta mililita 0.1 inatuliza sawa na mililita 1 nzima, kwa hiyo hakuna sababu ya kumimina. Mpe, kisha mpe kidole chenye glavu safi anyonye, subiri dakika mbili, ndipo uchome. Ukichoma mara tu baada ya kudondosha, umepoteza sukari. Tendo likiwa refu, gawa kipimo: nusu mwanzoni, kilichobaki katikati.

Makosa ya sukari ni matatu na mojawapo linaua. Bomba lenye dekstrosi likiachwa mezani bila maandishi, mtu mwingine anaweza kuliunganisha kwenye kanula akidhani ni maji ya kusafishia. Liandikwe YA MDOMONI TU, lisiwe na sindano, na kilichobaki kimwagwe siku hiyohiyo. La pili ni dogo lakini hutokea: mhudumu aliyegusa sukari anakwenda moja kwa moja kupima sukari ya damu kisiginoni. Mabaki kwenye glavu au kwenye ngozi yanapandisha namba, na mtoto ambaye sukari yake imeshuka anaonekana mzima. Badilisha glavu, safisha kisigino, futa tone la kwanza la damu. La tatu ni kumdondoshea mtoto asiyeweza kumeza. Kwake paka kidogo tu ndani ya shavu, kwa idhini ya daktari. Na asali haina nafasi katika haya yote. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na haipaswi kuingia mdomoni mwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Sukari pia isifanywe kibali cha kutoboa ovyo. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walipima mawimbi ya ubongo ya wachanga wakati wa kutobolewa kisigino. Waliopewa sukrosi nyuso zao zilitulia, lakini mwitikio wa ubongo kwa maumivu haukupungua kwa kiasi kinachoonekana. Wataalamu bado wanabishana maana yake. Kwa mtu wa wodini maana yake ni nyepesi: tone tamu linasaidia, ila kutoboa mara mbili badala ya tatu kunasaidia zaidi.

Kisigino ndicho chenye mengi. Kwa huku kwetu adui wa kwanza ni baridi. Mguu uliopoa una damu kidogo ngozini. Damu haitoki, mhudumu anakamua, na kukamua huko kunaumiza kuliko tundu lenyewe. Damu iliyokamuliwa kwa nguvu chembe zake hupasuka, potasiamu inasoma juu kwa uongo, na daktari anaomba irudiwe. Kwenye kadi ya DBS, ile ya kukaushia matone ya damu, mambo ni hayohayo: duara linajaa nusu, au matone yanapandana, maabara inaikataa, mama anapigiwa simu arudi kutoka Ngaramtoni au Uru, na mtoto anatobolewa tena. Yote hayo yameanza na mguu wa baridi.

Upashe moto dakika tatu hadi tano kwa kitambaa kilicholoweshwa maji vuguvugu ya nyuzi 40, yasizidi 42, kisha ukaushe. Glavu iliyojazwa maji ya chupa ya chai imeshawaunguza watoto. Kama hakuna kipimajoto, maji hayo yakiuma upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako ni ya moto mno. Mguu uwe chini kuliko kifua. Kumshikilia mtoto wima kifuani kwa mama kunalimaliza hilo bila juhudi.

Toboa pembeni mwa kisigino, upande wa ndani au wa nje, usiguse katikati wala mgongo wa kisigino, ambako mfupa uko karibu na maambukizi yakiingia huko ni kesi nyingine. Kina kisizidi milimita 2.4 kwa aliyetimiza miezi. Njiti kiwe kifupi zaidi. Lanseti, kile kifaa kidogo cha kutobolea, inayojifyatua yenyewe inaumiza kidogo na inatoa damu kwa mara moja. Sindano ya kawaida haina kizuizi cha kina, mkono ndio unaoamua, na mkono uliochoka saa tisa usiku huamua vibaya. Spiriti iachwe ikauke, vinginevyo inachoma na kuharibu sampuli. Halafu bana taratibu na kuachia, bana na kuachia, ili mguu ujae damu tena.

Na kama damu inayotakiwa ni nyingi, achana na kisigino. Mtu mwenye uzoefu akichukua kwenye mshipa wa mkono, mtoto anaumia kidogo na kazi inaisha mapema. Vipimo vyote vya asubuhi hiyo viombwe pamoja. Kundi la damu la mtoto wa mama mwenye Rh hasi lingeweza kutoka kwenye kitovu pale pale alipozaliwa, bila tundu lolote. Kanula ikishindikana mara mbili, mkono ubadilike. Hapana aibu katika kumwita mwenzako.

Dawa zenyewe, kwa kifupi. Parasetamoli haisaidii tundu la kisigino wala sindano, na kumpa mtoto kabla ya chanjo "ili asiumie" hakuna kazi. Krimu ya ganzi inahitaji kama saa nzima kwenye ngozi. Inafaa kwa mshipa, kwenye kisigino haijaonyesha msaada. Kwa kutoa maji ya uti wa mgongo, dawa ya ganzi ya lignokeini isiyo na adrenalini inafaa, lakini hesabu kwanza: kwa kikomo cha tahadhari cha miligramu 3 kwa kilo, mtoto wa kilo 3 asizidi mililita 0.9 ya asilimia 1, na ile ya asilimia 2 ni nusu yake. Njiti anayechunguzwa macho apate matone ya ganzi, sukari na kufungwa kwenye kitenge, vyote pamoja. Matone hutia ganzi juu ya jicho, ila chuma kinachofumbua kope bado kinasukuma.

Halafu plasta. Kanula imetoka, kila mtu anaona kazi imeisha, na mtu anaivuta plasta kwa mara moja kama anavyoivuta kwenye goti la mtu mzima. Kwa njiti ngozi ya juu inaweza kuja nayo. Lowesha pamba kwa maji ya vuguvugu, ibane juu ya plasta hadi ukingo ulegee, shikilia ngozi kwa kidole cha mkono mwingine, kisha ikunje plasta kuelekea nyuma, sambamba na ngozi, kidogo kidogo. Mtoto awe bado ananyonya.